Taylor na Persley: Mwiko na Kalamu katika Majengo ya Tuskegee

Baba yangu ni fundi mwashi. Amejenga kwetu Arua, amejenga Kampala, na kwa miaka miwili alijenga Juba wakati kazi zilipokuwa nyingi huko. Kiswahili changu cha kwanza nilikipata kwake kabla sijakikuta darasani, kwa sababu kwenye saiti alizofanyia kazi, Mlugbara, Mganda, Mluhya na Mkongomani walielewana kwa Kiswahili, kiwe kizuri au kibovu. Maneno kama timazi, pimamaji na mwiko niliyajua kabla sijajua ngeli ni kitu gani.

Nilipokuwa darasa la sita shule yetu ya msingi ilipata fedha za kujenga madarasa matatu mapya. Wazazi walichangia matofali, na sisi watoto tuliyabeba mawili mawili kila asubuhi kutoka kwenye tanuri lililokuwa karibu na mto. Baba alikuwa miongoni mwa mafundi. Siku ya kupima msingi alitazama ramani, akatazama jua, akasema jengo likikaa namna ile madirisha yote yatapigwa na jua la alasiri, afadhali ligeuzwe ili upande mrefu uelekee kaskazini. Aliyeleta ramani akamjibu, "Mzee, wewe ni fundi. Kazi yako ni kufuata ramani." Baba akafuata. Mpaka leo, ikifika saa nane mchana, watoto wa shule ile hufunga madirisha ya mbao kwa sababu ya joto na mwanga mkali, halafu hukaa gizani na kusoma kwa kukisia.

Najua insha ya historia haianzi na habari za nyumbani, na mhadhiri wangu amekwisha nionya zaidi ya mara moja. Lakini ni jibu lile alilopewa baba ndilo lililonifanya nichague mada hii. Nilitaka kujua kama kuna mahali ambapo watu walionyimwa kila kitu waliushika mwiko na kalamu ya ramani kwa wakati mmoja, na ilikuwaje. Mahali nilipopaona ni Tuskegee, katika jimbo la Alabama, Marekani, na watu wenyewe ni wasanifu majengo wawili weusi, Robert Robinson Taylor na Louis Hudison Persley, ambao mwaka 1920 waliungana na kufungua kazi kwa jina la Taylor na Persley.

Taylor alizaliwa mwaka 1868 katika mji wa Wilmington, North Carolina, miaka mitatu tu baada ya vita vilivyomaliza utumwa Marekani. Baba yake, Henry Taylor, alizaliwa mtumwa, mwana wa bwana wake mzungu, akawa seremala na baadaye mfanyabiashara aliyejenga majengo na kufanya kazi za meli. Kwa hiyo huyu naye alikua akisikia nyundo na msumeno. Mwaka 1888 alikwenda Boston kusoma usanifu majengo katika chuo cha teknolojia cha Massachusetts, kile kinachojulikana kwa herufi MIT, na mwaka 1892 akahitimu, Mwamerika mweusi wa kwanza kupata shahada katika chuo hicho. Angeweza kutafuta kazi katika ofisi za miji ya kaskazini. Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha Tuskegee, alikuwa amekwisha mtaka, naye akaenda kusini.

Ili kuelewa alichokikuta huko, lazima turudi nyuma kidogo kwenye udongo. Tuskegee ilianzishwa mwaka 1881, na Washington aliamua tangu mapema kwamba wanafunzi watajijengea chuo chao. Matofali hayakuwepo, wala mtu wa kuwafundisha kuyachoma. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1901, Washington anasimulia kwamba matanuri matatu ya kwanza yaliharibika moja baada ya jingine. Fedha zikaisha. Akaweka rehani saa yake kwa dola 15 ili kupata mtaji wa tanuri la nne, na hilo likafaulu. Nilipomsomea baba sehemu hii alicheka, akauliza matanuri yale yaliharibikaje, yalipasuka au hayakuiva? Anajua vizuri hasara ya tanuri. Moto ukizidi upande mmoja tofali hugeuka jiwe lililopinda, ukipungua hubaki udongo mtupu, na kuni zimekwisha. Baadaye chuo kilichoma matofali mengi kiasi cha kuwauzia hata wazungu wa eneo lile, na Washington aliliona hilo kuwa ushindi mkubwa: jirani asiyekupenda hulazimika kuja kwako akihitaji tofali lako.

Taylor alipofika mwaka 1892, basi, mikono ilikuwepo na matofali yalikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa meza ya kuchorea. Jengo lake la kwanza lilikuwa la sayansi, lililokamilika mwaka 1893. Kisha ikaja kanisa la chuo, lililomalizika mwaka 1898 na kujengwa kwa matofali yapatayo 1,200,000, yaliyotengenezwa na kupangwa na wanafunzi wenyewe. Inasemekana ndilo jengo la kwanza katika wilaya ile ya Macon kuwa na taa za umeme ndani. Nimejaribu kupiga hesabu kwa kipimo cha shule yetu, matofali mawili kwa kila mtoto kila asubuhi, nikaacha. Taylor mwenyewe aliliona kanisa hili kuwa kazi yake bora. Mwaka uliofuata alimaliza nyumba ya Washington, inayoitwa The Oaks, ambayo bado imesimama.

Lakini kwangu mimi jambo kubwa alilolifanya Taylor si jengo lolote kati ya hayo. Ni kwamba aliingiza uchoraji wa ramani ndani ya mafunzo ya ufundi. Kijana aliyejifunza useremala au uashi pale alikaa pia kwenye ubao wa kuchorea, ajifunze kusoma ramani na kuichora, na wale waliotaka kuendelea walikuwa na kozi ya uchoraji wa majengo yenye cheti chake. William Sidney Pittman alianzia hapo, akaenda Philadelphia kusoma zaidi, akarudi kufundisha, kisha akawa msanifu wa majengo makubwa, likiwemo jumba la Knights of Pythias huko Dallas. Vertner Tandy alisoma Tuskegee kabla ya kwenda Cornell, kisha New York, ambako yeye na George Washington Foster walisanifu kanisa la Mtakatifu Philip, Harlem. Wallace Rayfield alifundisha Tuskegee, kisha akaenda Birmingham na kuchora ramani za makanisa mengi ya watu weusi.

Hapa wengi wetu tuliosoma historia ya Waamerika Weusi tutapinga, na nilipoisoma insha hii katika semina mwenzangu mmoja alipinga kwa sauti. Je, Tuskegee si kile chuo alichokilaumu W. E. B. Du Bois katika kitabu chake cha mwaka 1903? Je, si Washington aliyewaambia weusi wawe wavumilivu, wajifunze kulima na kushona, mambo ya kura na vyuo vikuu yasubiri? Ndivyo, na sina nia ya kumtetea Washington. Hotuba yake ya Atlanta ya mwaka 1895 iliwafurahisha wazungu wa kusini kwa sababu waliisikia kama ahadi kwamba mtu mweusi atabaki mahali pake. Lakini tukiitazama Tuskegee kwa hotuba peke yake tutamkosa Taylor. Mwaka 1911 MIT ilipoadhimisha miaka 50 ya hati yake ya kuanzishwa, Taylor alialikwa kusema, naye akaeleza jinsi alivyozichukua mbinu za chuo kile, ukaguzi makini na fikra za kisayansi, akazipeleka Tuskegee. Washington alitangaza jembe. Nyuma yake, katika karakana, mhitimu wa MIT alikuwa akiwafundisha watoto wa watu waliokuwa watumwa kukokotoa uzito wa paa. Nadhani Washington alilijua hilo na akapenda lisisemwe sana.

Nguzo nazo zinasema kitu. Majengo mengi ya Taylor yana nguzo ndefu mbele, mtindo wa Kigiriki na Kirumi alioujifunza Boston. Mwanzoni nilidhani huo ni uigaji tu. Kisha nikakumbuka kwamba katika Alabama ya wakati ule, nyumba zenye nguzo nyeupe za namna hiyo zilikuwa nyumba za mabwana wa mashamba ya pamba. Mtoto wa mtumwa akitengeneza nguzo za darasa lake mwenyewe, akapita katikati yake kila siku na vitabu mkononi, sidhani kama anaiga.

Sasa nifike kwenye shule za vijijini, kwa sababu hapo ndipo kisa cha baba kilipokutana na utafiti wangu. Mwaka 1912 tajiri wa Chicago, Julius Rosenwald, aliipa Tuskegee dola 25,000. Washington akaomba sehemu iliyobaki itumike kujenga shule sita ndogo za watoto weusi vijijini karibu na chuo. Ya kwanza ilikamilika mwaka 1913 huko Loachapoka. Rosenwald alitoa dola 300 na wanakijiji wakatoa fedha na nguvu zao. Sharti lilikuwa hilo: jamii ichangie. Mwaka 1915 Tuskegee ilitoa kitabu cha ramani za shule kama hizo, kilichotayarishwa na Taylor pamoja na W. A. Hazel. Kitabu kilikuwa na ramani za shule za ukubwa mbalimbali, nyumba ya mwalimu, hata vyoo, ili kamati ya kijiji isiyo na msanifu iweze kujenga kitu kinachofaa.

Mpango ukakua haraka kuliko uwezo wa Tuskegee kuusimamia. Mwaka 1919 Fletcher Dresslar, mtaalamu mzungu wa majengo ya shule, alikagua shule hizo, akaandika kwamba nyingi zimejengwa vibaya na hazikufuata ramani ipasavyo. Mwaka 1920 usimamizi ukahamishiwa Nashville, mikononi mwa Samuel L. Smith, naye pia mzungu. Ukweli ni kwamba ramani za Nashville zilikuwa nzuri sana. Kijijini hakukuwa na umeme, kwa hiyo kila kitu kilitegemea dirisha. Madirisha makubwa yalipangwa kwa safu, mwanga uingie kutoka kushoto kwa mwanafunzi ili kivuli cha mkono wake kisifunike maandishi, na ukuta wa kati uweze kufunguliwa madarasa yageuke ukumbi wa mkutano. Na kila ramani ilitolewa kwa namna mbili kulingana na uwanja ulivyokaa, ili madirisha ya darasa yaelekee mashariki au magharibi.

Niliposoma hilo nilikaa kimya. Kwa Alabama lilifaa, kwa sababu walitafuta mwanga wa kutosha asubuhi na alasiri. Kwetu, karibu na ikweta, upande wa magharibi ndio unaochoma. Sisemi kwamba ramani ya shule yetu ilitoka Nashville, ila wazo lilelile, kwamba uwanja na jua ndivyo vinavyoamua jengo likae vipi, ndilo alilokuwa nalo baba siku ya kupima msingi. Smith alilichora kwenye karatasi. Baba alilisema kwa mdomo. La karatasi lilifuatwa katika majimbo 15.

Mpango wa Rosenwald ulipofungwa mwaka 1932 ulikuwa umejenga majengo zaidi ya 5,300, yakiwemo madarasa, nyumba za walimu na karakana. Watu weusi wenyewe, wengi wao wakulima wa pamba wasiomiliki ardhi, walichanga zaidi ya dola milioni 4.7, yaani kupita kiasi alichotoa Rosenwald. Na walikuwa wakilipa kodi pia, kwa hiyo shule walizilipia mara mbili. Mzazi yeyote wa Uganda aliyewahi kuambiwa elimu ni bure halafu akaletewa orodha ya michango anaelewa.

Mwaka huohuo wa 1920, wakati usimamizi ulipoondoka Tuskegee, Taylor alifungua kazi ya ubia na Persley. Persley alikuwa mdogo kwake kwa miaka 20. Alizaliwa Macon, Georgia, mwaka 1888, akasoma katika chuo cha teknolojia cha Carnegie, Pittsburgh, akahitimu mwaka 1914, kisha akaja Tuskegee kufundisha uchoraji. Mwezi Aprili 1920 alisajiliwa Georgia, msanifu majengo mweusi wa kwanza kusajiliwa katika jimbo hilo. Hebu fikirini maana yake. Jimbo ambalo lilimnyima mtu mweusi kura lilimpa huyu karatasi inayosema sahihi yake chini ya ramani ni halali. Taylor kwa wakati huo alikuwa na madaraka mengi chuoni, akisimamia karakana na ujenzi wote. Kijana mwenye elimu mpya na mkono mwepesi wa kuchora alikuwa msaada mkubwa.

Kwa miaka 12 hivi wawili hawa walikijenga upya chuo. Kuna bweni la James la mwaka 1921, kuna Sage Hall la mwaka 1927, kuna karakana za Wilcox za mwaka 1928, Logan Hall la michezo na mikutano la mwaka 1931, jengo la sayansi la Armstrong na maktaba ya Hollis Burke Frissell, yote mawili ya mwaka 1932. Ukiitazama picha ya maktaba ile, matofali mekundu na nguzo nyeupe, huwezi kujua kwa macho kwamba ilisanifiwa na watu ambao katika miji mingi ya Alabama hawakuruhusiwa kuingia maktaba.

Nje ya chuo, kazi yao kubwa ilikuwa jumba la Wamasoni weusi katika jiji la Birmingham, lililojengwa kati ya mwaka 1922 na 1924. Lina ghorofa saba. Wajenzi wake walikuwa kampuni ya Windham, ya ndugu weusi, kwa hiyo kuanzia karatasi hadi tofali la mwisho lilipita katika mikono ya watu weusi. Ndani mlikuwa na ofisi za madaktari, madaktari wa meno na mawakili waliokataliwa kupanga kwingine, ukumbi mkubwa wa dansi na mikutano, na maktaba iliyopewa jina la Booker T. Washington. Baadaye chama cha NAACP kilikuwa na ofisi humo. Duke Ellington alipiga muziki humo. Jumba la namna hii lisingeweza kuchorwa na mtu asiyejua maisha ya waliokusudiwa kulitumia. Ubaguzi uliwafungia milango yote ya jiji, nao wakachora jengo moja lenye milango hiyo yote ndani yake.

Nimefika mahali ambapo mwenzangu wa semina aliuliza: yote haya yanatuhusu nini sisi wa Makerere? Yanatuhusu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, ilizunguka Afrika Mashariki kuchunguza elimu ya Waafrika. James Aggrey, yule msomi kutoka Gold Coast, alikuwa mmoja wao, na walifika Uganda. Mfano waliouleta ulikuwa Tuskegee na chuo ndugu yake cha Hampton. Walisisitiza afya, kilimo, maisha ya nyumbani, matumizi ya mazingira, burudani safi. Mwaka 1925 ikafunguliwa Shule ya Jeanes huko Kabete, Kenya, iliyopewa jina la mfuko uliowalipa walimu wasimamizi wa shule za weusi vijijini Marekani. Walimu walikuja na wake na watoto wao, wakaishi katika kijiji cha mfano, wakajifunza kuboresha shule, shamba na nyumba. Sehemu ya kazi ile ilikuwa nzuri na sipendi kuidharau.

Lakini angalieni kilichobaki ng'ambo. Tuskegee iliyoletwa kwetu ilikuwa na jembe, sabuni, bustani na useremala. Ile nyingine, yenye Taylor na Persley wakiinamia ubao wa kuchorea, haikupanda meli. Mwaka ambao Kabete ilifunguliwa, jumba la ghorofa saba la Birmingham lilikuwa limesimama tayari, limechorwa na walimu wa chuo hichohicho kilichotajwa kama mfano wa elimu ya mikono. Watawala wetu walipenda sana kusikia kwamba mtu mweusi wa Alabama alijifunza kuchoma tofali. Kwamba alijifunza pia kuamua tofali likae wapi, hilo halikuwafaa.

Makerere yenyewe ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ikiwa na wanafunzi 14 waliosoma useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Tunalitaja hilo kila mahafali kwa majivuno, na ni haki yetu. Ila mwashi wa Makerere wa mwaka 1922 alijenga kwa ramani ya nani? Baadaye masomo ya ufundi yalihamishwa na kilima hiki kikabaki na madaktari na walimu. Usanifu majengo kama somo la chuo ulianza Afrika Mashariki mwaka 1956, Nairobi, katika chuo cha kifalme cha ufundi. Miaka 64 baada ya Taylor kuhitimu.

Kulikuwa na njia nyingine, nyembamba. Ernest Kalibala, kijana wa Buganda, alikwenda Marekani miaka ya 1920 akasoma Tuskegee yenyewe, akaendelea na vyuo vikuu vikubwa. Aliporudi miaka ya 1930 alianzisha shule isiyo ya misheni wala ya serikali, akaipa jina la Aggrey. Na Afrika Magharibi kalamu ya Tuskegee ilifika kwa miguu yake: mwaka 1929 Taylor mwenyewe alisafiri hadi Liberia kuchora mpango wa chuo cha Booker Washington huko Kakata. Mfuko wa Phelps-Stokes ulikuwa miongoni mwa wafadhili wake. Kwa hiyo waliweza kumleta msanifu mweusi Afrika walipotaka, katika nchi iliyotawaliwa na weusi.

Ubia haukudumu. Persley alifariki mwaka 1932 akiwa hajafikisha hata miaka 45, mwaka uleule maktaba ilipokamilika. Taylor alistaafu karibu na wakati huohuo akarudi Wilmington. Mwezi Desemba 1942 alikuja kuitembelea Tuskegee, akaanguka akiwa ndani ya kanisa alilolichora akiwa kijana wa miaka ya ishirini, akafa siku hiyohiyo. Kanisa lenyewe liliungua mwaka 1957. Jipya lililokamilika mwaka 1969 limejengwa kwa matofali pia, kwa ubunifu wa Paul Rudolph, lakini waliofanya naye kazi ya usanifu walikuwa wabia wengine wawili weusi waliowahi kufundisha Tuskegee, Louis Fry na John Welch.

Likizo iliyopita nilimwonyesha baba picha za majengo haya kwenye simu. Hakuuliza habari za Washington wala za Du Bois. Alikuza picha ya maktaba kwa vidole viwili mpaka matofali yakaonekana moja moja, akahesabu mistari kutoka dirishani hadi darini, akaniuliza mbele ya jengo ni upande gani, kaskazini au magharibi. Sikujua. Akanirudishia simu akasema nitafute.